Meza Zisizo na Chumvi

Katika kantini ya karakana ile ya mabasi, chumvi haikuwahi kuwekwa mezani. Pilipili nayo haikuwekwa, wala ndimu. Mgeni aliyeomba chumvi alitazamwa na wenyeji kama mtu aliyeingia msibani akauliza muziki unaanza saa ngapi, kisha mmoja wao humwambia kwa upole, "Onja kwanza, ndugu yangu." Mgeni huonja, hunyamaza, hula.

Mpishi wa hapo aliitwa Mizani. Jina la kwenye kitambulisho alikuwa nalo, ila lilitumika siku ya mshahara tu, na hata siku hiyo mhasibu alilazimika kuita mara mbili kabla mwenyewe hajakumbuka kuitika. Jina la Mizani alibandikwa na mafundi kwa sababu ya namna yake ya kuonja. Alichota mchuzi kwa mwiko, akadondosha tone katika kiganja cha kushoto, akalilamba na kufumba jicho moja. Kisha mkono wa kulia ulizama katika ndoo ya chumvi bila msaada wa macho, ukarusha, na kazi ikawa imekwisha. Hakuwa na kijiko cha kupimia, wala hakuwahi kukikosa. Sufuria yake ya maharage mtu mzima angeweza kuogea ndani, na bado chumvi ya leo ilikaa palepale ilipokaa ya jana na ya mwaka juzi.

Watu hudhani mpishi ni mtu anayekula vizuri. Mizani hakuwa anakula. Aliwasha majiko kabla ya mtu yeyote kuingia karakanani, akanywa chai nyeusi iliyokolea kama oili iliyomwagwa, na kuanzia hapo hadi jioni alionja. Kuonja huondoa hamu bila kuondoa njaa. Nyumbani alifika ameshiba harufu, akagusa chakula matonge mawili, akalala. Mgongo ulimuuma kwa kusimama na kuinua masufuria, hivyo alinunua dukani vidonge vya maumivu na kuvimeza na ile chai yake, juu ya tumbo lisilo na kitu. Tumbo lilipoanza kumwambia jambo, alidhani linaomba chai zaidi, akaliongezea.

Liliposhindwa kuvumilia lilimkunja asubuhi moja katikati ya kukata vitunguu. Alikuwa akisaidiwa kazi na mwanamke mmoja wa makamo, ambaye karakana nzima ilimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Shangazi alimwona Mizani ameinama chini ya meza, akadhani ameangusha kitu. Naye akainama.

"Umepoteza nini, kaka?"

"Sijui," alisema Mizani. Na kwa kweli hakuwa anajua.

Kliniki alipelekwa na mkewe, mshonaji wa sare za shule, mwanamke ambaye utepe wa kupimia ulikaa shingoni mwake hata akienda sokoni. Daktari alikuwa kijana mwenye subira.

"Asubuhi unakula nini, mzee wangu?"

"Chai."

"Na nini?"

"Na sukari."

"Mchana?"

"Mchana napika."

"Nimekuuliza unakula nini."

"Naonja, daktari."

Daktari aliandika kitu, akakifuta, akampeleka kwenye vipimo. Majibu yalipotoka alieleza kwa utulivu kwamba ni vidonda vya tumbo, kwamba kuna vijidudu vilivyojenga humo, na kwamba vile vidonge vya mgongo vilivikaribisha vidonda vikae kama kwao. Vidonge hivyo vitupwe. Dawa atakazopewa azimalize, hata akijisikia amepona. "Pilipili haikukuletea ugonjwa huu," alisema, "lakini kidonda kikishakuwapo, wengi pilipili inawachoma. Kula kidogo kidogo, mara nyingi, usikae na njaa. Kaa chini ule, tafuna polepole. Ukila kitu kikakuuma, kiache. Na chumvi upunguze, maana na presha yako naiona imeanza kunyanyuka."

Yalikuwa maneno ya busara, na kama yangefika nyumbani yalivyo, hadithi hii isingekuwapo. Lakini yalipitia kwa mke. Daktari alisema kinachouma kiachwe. Mke aliona ni kupoteza muda kungoja kimuume kwanza. Akapiga marufuku kwa jumla: pilipili, ndimu, nyanya, vitunguu, vyote vya kukaanga na chai yenye rangi. Chumvi, ambayo daktari alitaka ipunguzwe, aliona kwamba kama kuipunguza ni kuzuri, kuiacha ni kuzuri zaidi. Akaihamishia kabatini, nyuma ya mashine mbovu ya kushonea, na ufunguo akauning'iniza kwenye utepe.

Majirani nao walileta msaada, kwa kuwa kila mwenye tumbo ni profesa wa matumbo. Mmoja alisema maziwa baridi. Wa pili alisema maziwa ni sumu, bora maji ya kabichi. Wa tatu aliapa kwa maji ya kiazi kibichi, na alipoulizwa kama yeye yalimponya, alijibu kwamba yeye hajawahi kuumwa tumbo, ndiyo maana anaamini. Mke aliwashukuru wote, akawafungia mlango, akachemsha viazi.

Mizani alitii. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake. Asubuhi alikula uji mlaini kabla ya kutoka. Kazini alibeba kibakuli chenye mfuniko: viazi vya kuchemsha, au wali uliolegea na kipande cha kuku bila ngozi, boga, ndizi mbivu. Alikaa meza ya mwisho karibu na dirisha la kupitishia sahani, akala polepole kama mtoto aliyeahidiwa kitu. Dawa alizimaliza zote. Na tumbo likatulia. Alilala usiku kucha, mashavu yakarudi, suruali ikaacha kumwangukia. Mkewe alipima kiuno chake kwa utepe na kutangaza matokeo kwa majirani.

Kulikuwa na dosari moja tu, ya heshima. Dereva mgeni alimwona siku moja, akaweka kijiko chini.

"Jamani, mpishi mwenyewe anakula cha kwake. Humu ndani kuna nini?"

"Kula wewe," alisema fundi mkuu. "Ukifa tutakuzika na sahani."

Fundi mkuu huyo walimwita Breki, kwa sababu hakuna jambo lililompitia likatoka na kasi ileile. Alikuwa amekula kwa Mizani tangu akiwa mwanagenzi wa kufungua nati.

Sasa, ulimi. Ulimi ulionyimwa chumvi mwezi hadi mwezi haufi kwa huzuni. Unazoea, kisha unanoleka. Jioni moja Mizani alisimamisha tonge mdomoni, akamtazama mkewe kwa mshangao wa kweli.

"Mama watoto, kumbe kiazi kina chumvi yake chenyewe."

"Nilikwambia."

"Na ndizi, sukari yake inapiga kelele."

"Kula, baba. Usiongee na chakula mdomoni."

Walifurahi wote wawili. Hapo ndipo ilipotakiwa mmoja kati yao aifikirie ile sufuria ya kazini. Hakuna aliyeifikiria.

Kazini Mizani aliendelea kuonja, ila sasa alitema, akigeuka pembeni kwa adabu. Tone kiganjani, ulimi, jicho moja. Mkono ukaenda kwenye ndoo ukachukua kidogo, kwa kuwa ulimi uliuambia kidogo kinatosha. Kesho yake kidogo zaidi. Hakuna siku iliyotofautiana na jana yake kiasi cha kumshtua mtu, na kwa njia hiyo ya ustaarabu chakula cha karakana kiliondoka duniani.

Mafundi walifanya mkutano katika shimo la kukagulia mabasi, basi likiwa juu yao kama dari.

"Chakula kimekufa," alisema fundi umeme.

"Hakijafa. Kimezimia."

"Maharage ya jana nimeyala nikaangalia kama nimeyala."

"Basi mmoja akamwambie."

Kila mmoja akainua macho kulitazama basi.

"Mtu katoka kitandani juzi," alisema Breki. "Ndiyo kwanza amenona. Mkimwambia ataanza kuonja kwa kumeza, na mtamwona tena chini ya meza. Kila mtu abebe yake. Mfukoni, chini ya meza, kimya kimya. Atakayeonekana, mimi simjui."

Hivyo wanaume wazito, wenye mikono ya kufungua magurudumu, wakaanza kubeba chumvi katika vikaratasi kama wanafunzi wabebao majibu ya mtihani. Mmoja alimwita mpishi dirishani kuulizia habari za nyumbani, wengine wakanyunyiza. Habari za nyumba ya Mizani hazikuwahi kuulizwa kwa bidii kiasi kile. Yeye aliguswa sana.

Shangazi alijaribu njia yake. Siku moja Mizani alipokwenda stoo, alirusha konzi ya chumvi katika mchuzi. Mizani akarudi, akaonja kwa mazoea, akaruka nyuma.

"Nani ametia bahari humu?"

Akaongeza maji, na viazi, na maji tena, akihangaika kama mtu anayezima moto, na siku hiyo mafundi walikula kitu kilichokuwa karibu sana na mvua. Shangazi hakurudia.

Siri ilivuja kwa kitambaa. Shangazi aliomba ruhusa siku moja, mwanawe ana homa, na Mizani akafuta meza mwenyewe. Chini ya kitambaa kulikuwa na kitu kinachokwaruza. Alidhani ni vumbi la chuma, maana karakana ni karakana. Kwenye meza ya pili vilevile. Kwenye meza ya tatu alibonyeza kidole, akakileta mdomoni, na ulimi wake, ambao sasa ungeweza kuisikia chumvi ikipita barabarani, ukamwambia ni nini.

Alikaa kwenye benchi na kitambaa mkononi. Akapitisha kidole meza zote sita.

Siku iliyofuata hakutoka jikoni. Alisimama nyuma ya mlango wa dirisha la sahani, akaacha ufa, akatazama. Aliyepangwa kuulizia habari za nyumbani alimkosa, akarudi kukaa, wakadhani njia ni nyeupe. Breki, taratibu, akiangalia mbele kama aliye kanisani, alitoa kikaratasi mfukoni mwa ovaroli, akanyunyiza, akakipitisha kwa goti la jirani. Kikazunguka meza nzima. Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na kingine. Yule dereva mgeni alikuwa nacho chake, ameshakuwa mwenyeji.

Mizani alingoja watu watoke, akamshika Breki mkono mlangoni.

"Fundi. Chakula changu kimepungukiwa nini?"

Breki alipunguza mwendo, kisha akasimama kabisa.

"Hakijapungukiwa, Mizani. Ni sisi tumezidi."

"Tangu lini?"

"Ah. Hivi karibuni."

"Breki."

"Tangu ulipopona," alisema Breki, na alionekana kama mtu aliyevunja kioo cha wenyewe.

Mizani hakukasirika. Angekuwa na wa kumkasirikia, mambo yangekuwa mepesi. Alirudi jikoni kurekebisha kosa, na hapo ndipo alipogundua kwamba hana pa kulishika. Kama angekuwa mpishi wa kijiko na kikombe, angerudia vipimo vya zamani na kulala usingizi wake. Lakini kipimo chake cha pekee kilikuwa mdomoni, na ndicho kilichohama. Alijaribu kuukumbuka mkono: konzi zilikuwa ngapi? Mkono haukuwahi kuhesabu, ulikuwa ukitumwa. Alirusha kwa kukisia. Mafundi walikula kimya, wakanywa maji jagi baada ya jagi, na walipotoka walimmwagia sifa.

"Leo umerudi, Mizani."

"Leo ndiyo wewe mwenyewe."

Akaona midomo yao imekauka nyeupe, akajua kwamba na wao hawana msaada. Angewapa mchanga, wangemwambia umeiva vizuri.

Akamgeukia Shangazi. "Onja wewe. Niambie ukweli."

Shangazi aliweka tone kiganjani kama alivyomwona akifanya miaka yote, akalilamba, kisha akamtazama Mizani usoni kutafuta jibu.

"Usiniangalie mimi. Angalia mchuzi."

"Naona… kama uko sawa?"

"Unaniuliza?"

"Kaka, mimi humu ndani nimezoea kuambiwa na wewe kwamba uko sawa. Nikionja peke yangu sisikii kitu, nasikia uoga."

Ilibaki njia moja, na Mizani aliijua tangu mwanzo, ndiyo maana aliiacha ya mwisho. Ulimi ulihama kwa kula viazi vitupu. Ungerudi kwa kula cha watu. Basi adhuhuri moja aliacha kibakuli cha mkewe kwenye ndoano, akajipakulia sahani kamili ya mafundi: wali, maharage, mchuzi wa nyama wenye nyanya na pilipili, na chumvi aliyoikoleza mwenyewe. Alikula amesimama, haraka, kama zamani. Kwanza iliunguza ulimi. Kufikia nusu ya sahani, anakiri mwenyewe, ilikuwa tamu kuliko chochote alichokula tangu kliniki. Akala na siku ya pili, na ya tatu, na chai nyeusi juu yake, maana mtu akishavunja sheria huona haya kuvunja kidogo. Na kwa kweli ile siku ya tatu mkono wake ulirusha chumvi bila kufikiri, na vikaratasi havikutoka mifukoni. Alisimama nyuma ya ufa akaviona havitoki. Breki alikula akafumba macho.

Alasiri hiyohiyo walimkuta Mizani stoo, amejikunja juu ya magunia ya mchele, uso umemjaa jasho, mkono mmoja mdomoni asilie mbele ya watu. Mkewe aliitwa, akaja na utepe shingoni na sindano ingali kwenye kola. Hakugomba. Alimfuta uso, akauangalia mdomo wake, akaona rangi ya pilipili pembeni.

"Ulikuwa na njaa?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi ilikuwa nini?"

Mizani alitafuta jibu ambalo mshonaji angelielewa. "Nilikuwa natafuta kipimo."

Mke alishika ncha ya utepe wake, akaiachia. Kisha akampeleka kliniki.

Daktari alimchunguza na kumwandikia dawa upya. Aliposikia kisa chote aliweka kalamu chini. Vitabu alivyosomea havikuwa na sura inayohusu jambo hilo.

"Daktari, ulimi wangu utarudi?"

"Ukirudi kula kama zamani, utarudi."

"Na tumbo?"

"Nalo litarudi kama zamani."

"Hakuna dawa ya katikati?"

Daktari alisema chumvi kidogo nyumbani haina neno, hakuwahi kuikataza kabisa, na akamtazama mke. Mke akatazama dirisha. "Lakini kiasi unachowatilia wale," alisema daktari, "na kusimama, na kukaa na njaa, na chai ile… Mzee wangu, mimi naweza kukutunzia tumbo. Ulimi wa kazi sina pa kuuwekea."

Alipopata nafuu alikaa barazani kwao, akavikusanya vichupa vya dawa, vya ugonjwa wa kwanza na vya huu wa pili, vile vya plastiki vyenye vifuniko vya kuzungusha. Aliviosha kwa maji ya moto na kuvianika. Karatasi za maelekezo zilitoka nyingine, nyingine zikagoma. Kisha akachukua msumari na nyundo na kutoboa vifuniko, matundu matano matano, akivigeuza kwenye mwanga kuona kama yamelingana. Mkewe aliacha mashine, akaja kutazama. Alirudi ndani, akafungua lile kabati, akatoka na mfuko wa chumvi, akauweka kando yake.

"Vingapi?"

"Sita," alisema Mizani. "Kila meza na chake."

Siku ya kurudi kazini aliviweka kabla watu hawajafika. Kichupa kimoja katikati ya kila meza, pale ambapo maisha yake yote hapakuwa na kitu. Kwenye kimoja bado ilisomeka: kutwa mara mbili, kabla ya kula. Alipika kwa ulimi alionao. Shangazi alipakua.

Mafundi waliingia wakipiga soga, wakaviona, soga ikakatika. Walikaa. Kila mmoja alikizunguka kichupa kwa macho kama wanavyozunguka gari lililogongwa la mtu wanayemfahamu. Kisha wakashika vijiko, wakaanza kula kilivyo. Vikaratasi havikutoka, vichupa havikuguswa. Walitafuna. Fundi umeme alitafuna wali, kitu ambacho hakihitaji kutafunwa kiasi kile.

Mizani alitokeza kichwa dirishani.

"Chumvi hiyo hapo."

"Tumeiona," alisema Breki.

"Mbona hamtii?"

"Kiko sawa."

"Breki, nimeiweka mimi mwenyewe."

"Nasema kiko sawa, Mizani. Au si kweli, jamaa?"

Jamaa wakasema ni kweli. Hata yule dereva alisema. Mmoja akaongeza kwamba leo hasa, leo kimetulia. Hapakuwa na mtu ndani ya chumba kile ambaye angenyoosha mkono, mpishi akimtazama. Walikuwa tayari kula hivyo mpaka wastaafu.

Mizani aliwatazama kwa kitambo. Kisha alivua aproni, akatoa kibakuli chake kwenye ndoano, akamwambia Shangazi anakwenda kuangalia mchele. Aliingia stoo, akarudisha mlango nyuma yake, akakaa juu ya gunia, uso ukutani, akafunua mfuniko. Viazi, kipande cha boga.

Kule nje kulikuwa kimya. Halafu kikasikika kitu kidogo, plastiki ikigongwa juu ya ubao. Kikanyamaza, kana kwamba aliyegonga anasikiliza kama kuna mtu anakuja. Hakuja mtu. Kikagongwa tena, na kingine kwenye meza ya pili, na kingine, mpaka kantini nzima ikawa inagonga, haraka haraka, kama watu walioambiwa wana dakika chache tu.

Mizani alitafuna polepole, kama alivyoelekezwa. Kiazi kilikuwa na chumvi ya kutosha. Alipokimaliza aliendelea kukaa, kibakuli kitupu magotini, akiwangojea wamalize ili atoke.